Mwogo, mto mfupi wenye deni refu

Abiria anayepanda basi Huye kwenda Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, huona mambo mengi dirishani: mashamba ya viazi na maharage yaliyopangwa kwa matuta, mikaratusi kwenye vilele, na akifika Kitabi mashamba ya chai yaliyonyooka kama zulia hadi ukingoni mwa msitu wa Nyungwe. Kitu kimoja hakioni, kwa sababu hakuna anayemwonyesha. Vijito vinavyokatiza njia yake, ambavyo mtoto wa shule anavivuka kwa hatua mbili tatu, ndivyo vinavyoanza safari ya kwenda Misri.

Vijito hivyo huingia Rukarara. Rukarara huingia Mwogo. Mwogo hukutana na Mbirurume, na hapo jina hubadilika, mto unakuwa Nyabarongo. Nyabarongo hatimaye unakuwa Akagera, Akagera unamwaga maji Ziwa Viktoria, na kutoka Jinja kila mtu anaufahamu mto huo kwa jina moja tu, Nile.

Majina yote hayo tumeyasikia darasani, isipokuwa mawili ya kwanza. Ukiuliza Bukoba, Masaka au hata Kigali kwenyewe Mwogo uko wapi, wengi watakuuliza ni mtaa gani. Ni mto mfupi, haufiki kilomita 100. Hauna daraja maarufu wala maporomoko ya watalii. Lakini nchi nne za Jumuiya yetu zinakunywa, zinalima, zinavua na kuwasha taa kwa maji ambayo sehemu yake huanzia hapo. Kwa hiyo makala hii inamwomba msomaji apande mto nasi hadi juu kabisa, kisha tushuke pamoja, tuone nani anampa nani nini, na nani hajalipwa.

Mgongo unaogawa maji

Tuanze na mgongo. Magharibi mwa Rwanda na Burundi kuna safu ya milima inayokwenda kaskazini hadi kusini, sambamba na Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Wataalamu wa jiografia huiita mgongo wa Kongo na Nile. Tone la mvua likianguka upande wa machweo, litashuka Kivu au Mto Rusizi, liingie Tanganyika, na mwisho wake ni Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Likianguka hatua chache upande wa mawio, litakwenda Mediterania. Ndani ya Nyungwe, kando ya barabara kuu, kuna kibao kinachomweleza mpita njia kwamba amesimama juu ya mpaka huo wa maji.

Nyungwe una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ni miongoni mwa misitu mikubwa ya milimani iliyobaki katika ukanda huu, una aina 13 za nyani na jamii zake, wakiwemo sokwe, na kilele chake cha Bigugu kinakaribia mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Septemba 2023 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliuweka katika orodha ya urithi wa dunia, wa kwanza kwa upande wa maumbile katika Rwanda.

Kwa mkulima wa chini sifa hizo ni nzuri, lakini kazi kubwa ya msitu ni nyingine. Nyungwe ni sifongo. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na zile za vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba, hupokelewa na majani, kuvu, mizizi na udongo mweusi wa vinamasi. Maji hayaporomoki yote siku ileile. Yanaachiliwa kidogo kidogo, kiasi kwamba mwezi Agosti, wakati vilima vya mashariki vimekauka na ng'ombe wanatafuta maji, Rukarara bado unatiririka.

Majina ya maji

Rukarara unaanzia ndani ya msitu huo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400. Ukitoka msituni unapita katika vilima vya wilaya ya Nyamagabe, eneo ambalo wazee bado huliita Gikongoro. Mteremko ni mkali na mto una haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyowavuta wahandisi: vituo vidogo vya umeme vimejengwa juu yake kimoja baada ya kingine, na cha kwanza kina uwezo wa megawati 9.5. Havina mabwawa makubwa. Maji huchepushwa kwenye mfereji, huangushwa kwenye mitambo, kisha hurudishwa mtoni. Kwa hiyo kila kinachotokea msituni huonekana kwenye mita ya umeme: kiangazi kikizidi na kijito kikapungua, umeme nao unapungua.

Mwogo una tabia tofauti. Unatoka katika vilima vya kusini na kwenda kaskazini, ukiwa na Huye na Nyanza upande wa mashariki na Nyamagabe upande wa magharibi. Bonde lake ni pana zaidi, na chini kuna ardhi ya majimaji ambayo wenyeji hulima wakati wa kiangazi, milima ikiwa imekauka. Rukarara huingia kutoka kushoto ukiwa na maji mengi ya msituni. Ndiyo maana wachora ramani wakitafuta chanzo cha mbali zaidi, hawafuati Mwogo hadi mwanzo wake, huuacha kwenye makutano hayo na kuufuata Rukarara.

Mwogo uliokwisha kumeza Rukarara unakwenda kaskazini hadi unapokutana na Mbirurume, mto unaoshuka kutoka milima ya magharibi, mpakani mwa Mkoa wa Kusini na Mkoa wa Magharibi. Hapo wote wawili hupoteza majina yao. Mtoto wao ni Nyabarongo, mto mrefu kuliko yote iliyomo ndani ya Rwanda, wenye urefu wa karibu kilomita 300.

Nyabarongo nao una njia ya ajabu. Badala ya kwenda moja kwa moja mashariki kuelekea Ziwa Viktoria, unakwenda kaskazini kati ya Muhanga na Ngororero hadi unapopokea Mukungwa, mto unaoleta maji ya maziwa Burera na Ruhondo kutoka nchi ya volkano. Hapo unajipinda kama ndoana na kurudi kusini mashariki, unapita magharibi kisha kusini mwa Kigali, unapokea Akanyaru, na kuishia katika mabwawa na mafunjo ya Bugesera karibu na Ziwa Rweru.

Wanajiolojia wana maelezo ya mizunguko kama hii. Zamani sana mito mingi ya ukanda huu ilikwenda magharibi. Ardhi ya magharibi ilipoinuka, wakati Bonde la Ufa likifunguka, mito ilizuiwa njia na mingine ikageuzwa kabisa. Kagera na Katonga ya Uganda ni mifano inayotajwa sana. Maji yaliyokosa pa kwenda yalijikusanya katikati ya nyanda, na hilo ndilo Ziwa Viktoria tunalolijua. Kwa maneno mengine, mlima huohuo unaoipa Mwogo mvua ndio ulioilazimisha mito kuelekea kwetu.

Waliokuja kutafuta kichwa

Wazungu wa karne ya 19 waliutafuta mwanzo wa Nile kwa homa kali. John Hanning Speke aliliona Ziwa Viktoria mwaka 1858 na kufika maji yanapotokea, Jinja, mwaka 1862. Lakini ziwa si chanzo, nalo hulishwa na mito, na mto mkubwa kuliko yote inayoliingia ni Kagera. Henry Morton Stanley alipoupita mwaka 1876 aliuita Nile ya Alexandra. Oscar Baumann wa Austria akasema, mwaka 1892, kwamba mwanzo wa kweli uko Ruvubu, ndani ya Burundi.

Mwaka 1898 daktari Mjerumani Richard Kandt alifuata tawi lingine. Kwenye kila makutano aliuliza ni mkono upi wenye maji mengi zaidi: Nyabarongo au Akanyaru, Mwogo au Mbirurume, Rukarara au Mwogo. Jibu lilimfikisha kwenye chemchemi ndani ya Nyungwe. Kitabu chake alikiita Caput Nili, yaani kichwa cha Nile kwa Kilatini, kilichotoka mwaka 1904. Miaka mitatu baadaye Kandt huyohuyo alianzisha kituo cha utawala juu ya kilima ambacho leo ni jiji la Kigali, na nyumba yake ni makumbusho hadi sasa.

Ubishi haukwisha. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alikwenda Rutovu kusini mwa Burundi na kutangaza kwamba chemchemi ya Kasumo, inayolisha Ruvyironza na kisha Ruvubu, ndiyo ya kusini kuliko zote. Piramidi ndogo imejengwa hapo kuikumbusha Misri kwamba ina ndugu huku juu. Mwaka 2006 kundi la wasafiri waliopanda Nile kwa boti kutoka baharini lilifika Nyungwe na kudai kwamba kwa njia ya Rukarara mto ni mrefu kwa zaidi ya kilomita 100 kuliko ilivyodhaniwa.

Nani yuko sahihi? Inategemea unauliza nini. Ukitafuta chanzo cha kusini zaidi, Burundi inashinda. Ukitafuta njia ndefu zaidi, wengi leo wanaelekeza kidole Rwanda. Lakini aliyewahi kuishi kando ya mto atakuambia swali lenyewe lina kasoro. Mto hauna kichwa kimoja, una maelfu ya vichwa, na kila kimoja kiko katika shamba la mtu.

Tope lina bei

Hapa ndipo jiografia inapoingia mfukoni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wanyarwanda milioni 13.2, wastani wa watu zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni milima. Familia nyingi zinalima eneo lisilofika hekta moja, tena limekatwa vipande, kimoja juu ya kilima na kingine bondeni. Mvua kubwa ikipiga mlima usio na matuta, udongo wa juu, ule wenye rutuba, hushuka. Ukichanganya na machimbo ya madini ya bati na koltani yaliyo kando ya Nyabarongo, na uchimbaji wa mchanga wa kujengea, unapata rangi ambayo kila msafiri wa Kigali anaijua. Ukilivuka daraja la Nyabarongo wakati wa masika, maji yana rangi ya chai ya maziwa iliyokolea.

Tope hilo lina bei, na inalipwa mara kadhaa.

Analipa kwanza mkulima aliyeupoteza udongo. Analipa tena mtumiaji wa umeme: bwawa la Nyabarongo lenye megawati 28, lililozinduliwa mwaka 2015 likiwa kubwa kuliko yote ya maji nchini wakati huo, lina hifadhi inayojaa mchanga kila mwaka, na nafasi inayochukuliwa na mchanga ni nafasi iliyopotea kwa maji. Analipa mkazi wa Kigali, kwa sababu maji yenye tope yanahitaji dawa na muda zaidi kusafishwa kabla ya kuingia kwenye bomba. Wanalipa wenye malori: mto unapofurika, barabara ya Kigali kwenda Muhanga, ambayo ndiyo njia ya kusini nzima, hufungwa, na mizigo ya Bujumbura na Bukavu inalala njiani.

Na bado hatujavuka mpaka. Rutuba inayotoka mlimani haipotei, inakwenda kulisha kitu kingine. Gugu maji lililotanda Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990, likafunga bandari na kuzuia mitumbwi kutoka, lilipata njia yake moja kubwa kupitia Kagera, nalo hustawi penye maji yenye mbolea. Mvuvi wa Bukoba au Kasensero anayekata gugu kwa panga ili mtumbwi wake upite, bila kujua, anakata mbolea iliyotoka kwenye shamba la viazi la Nyamagabe.

Somo la Rugezi

Kuna anayedhani hasara hii haina dawa. Tawi la kaskazini la mto huu limeshatoa jibu.

Rugezi ni kinamasi kikubwa kilichoko juu milimani, kaskazini mwa Rwanda. Maji yake huingia Ziwa Burera, hupita kwenye mitambo ya Ntaruka, kituo cha umeme kilichojengwa mwishoni mwa utawala wa Kibelgiji, hushuka Ziwa Ruhondo, kisha Mukungwa na Nyabarongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinamasi kilikuwa kimekaushwa kwa mifereji ili kilimwe, vilima vyake vilikuwa wazi, na mvua nazo zilipungua. Ziwa likashuka. Mitambo ikakosa maji. Taa zikazimika Kigali, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa.

Wakubwa walichukua hatua ngumu. Kilimo ndani ya kinamasi kilisimamishwa, vilima vikachimbwa matuta, kingo zikapandwa miti na mabingobingo. Mwaka 2005 Rugezi uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu ya Ramsar. Taratibu ziwa likapanda na mitambo ikarudi kazini.

Hadithi hiyo husimuliwa mikutanoni kwa fahari, na fahari hiyo ni halali. Lakini ina sura ya pili ambayo husimuliwa kwa sauti ndogo. Aliyekuwa akilima kinamasini aliacha kulima. Taa ziliwaka Kigali, shamba lilifungwa Burera.

Mita kumi za mkulima

Jambo hilohilo liko Mwogo leo. Kanuni za Rwanda zinazuia kulima ndani ya mita 10 kutoka ukingo wa mto na mita 50 kutoka ziwani. Ni kanuni nzuri. Ukanda huo ukipandwa mianzi au majani marefu, unakamata tope kabla halijaingia majini, na mizizi inaushika ukingo usimomonyoke.

Sasa tupige hesabu. Mkulima ambaye shamba lake linapakana na mto kwa urefu wa mita 100 anaacha eneo la mita za mraba 1,000. Hiyo ni karibu robo ekari. Kwa mwenye ekari 50 ni kitu cha kupuuza. Kwa mwenye ekari moja ni robo ya chakula cha mwaka, tena robo iliyo bora, ile ya bondeni ambayo bado ina unyevu mwezi Agosti wakati ya mlimani imekauka. Robo hiyo ndiyo ada ya shule na mchango wa bima ya afya.

Anachoacha yeye kinapokelewa na wengine. Mitambo ya Rukarara inapata maji safi. Bwawa la Nyabarongo linaishi miaka mingi zaidi. Maporomoko ya Rusumo, ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja kituo cha megawati 80 na kugawana umeme sawa kwa sawa, yanapata mkondo usiojaa mchanga. Mashamba ya miwa ya Missenyi, upande wa Tanzania, yanamwagiliwa. Wavuvi wa upande wa Uganda wanapata ziwa lisilojaa magugu. Wote hao wako chini. Juu yuko mtu mmoja na jembe lake, na yeye ndiye pekee asiyeona faida hiyo kwa macho.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Huwezi kumwambia mkulima kwa miaka 20 kwamba mto ni mali ya wote, kisha gharama ukamwachia peke yake. Atavumilia mwaka mmoja, wa pili atasogeza mpaka wa maharage hatua moja kuelekea majini, wa tatu hatua nyingine. Tusimwite mharibifu. Anafanya hesabu ileile ambayo kila mmoja wetu angeifanya.

Jumuiya ina njia

Kuna mfano karibu. Kenya, mwaka 2015, ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Wanaotumia maji ya Mto Tana huko chini, yakiwemo mashirika ya maji na umeme na makampuni ya vinywaji, wanachangia fedha zinazowasaidia wakulima wa milimani kuchimba matuta, kupanda majani ya kingo na kuvuna maji ya mvua. Wazo lake ni rahisi: ni nafuu kumlipa mkulima aushike udongo kuliko kuuchota udongo kutoka bwawani.

Huo ni mfuko ndani ya nchi moja. Bonde la Kagera, lenye takriban kilomita za mraba 60,000, liko ndani ya nchi nne. Je, linawezekana? Historia inasema tumeshajaribu. Mwaka 1977 Rwanda, Burundi na Tanzania zilitia saini Rusumo mkataba wa kuanzisha Shirika la Bonde la Kagera, Uganda ikajiunga mwaka 1981, makao yakawa Kigali. Mipango ilikuwa mikubwa: umeme, reli, kilimo. Vita na ukosefu wa fedha vilililemaza, na mwaka 2004 likavunjwa.

Leo vyombo viko vingi zaidi kuliko wakati ule. Kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, na tume yake ya bonde la Ziwa Viktoria yenye makao Kisumu. Kuna Mpango wa Bonde la Nile ulioanzishwa mwaka 1999, wenye makao Entebbe. Na kuna mkataba wa ushirikiano wa Nile, ulioanza kutiwa saini Entebbe mwaka 2010, ambao hatimaye umeanza kuwa na nguvu ya kisheria Oktoba 2024 baada ya nchi sita kuuridhia. Nchi zote nne za Kagera zimo kati ya hizo sita. Misri na Sudan zinaupinga. Mjadala huo wa wakubwa juu ya nani atumie maji kiasi gani utaendelea, lakini nchi nne za Kagera hazihitaji ruhusa ya Cairo kumlipa mkulima wa Mwogo apande mianzi.

Kianzio kipo Rusumo. Senti chache katika kila uniti ya umeme unaozalishwa pale, zikirudishwa juu kwenye vilima vya Rwanda na Burundi, zingekuwa bima ya mitambo yenyewe. Wahasibu wanaijua lugha hiyo: ni matengenezo. Tofauti ni kwamba fundi wake anaishi kilomita nyingi kutoka kwenye mtambo, na vifaa vyake ni jembe na miche.

Mto unaokumbuka

Kuna sababu nyingine ya nchi hizi kuutazama mto huu kama jambo la pamoja, nayo si ya fedha.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mito hii ilitumiwa kuficha uovu. Waliouawa walitupwa Nyabarongo na Akanyaru, wakachukuliwa na Akagera, wakapita chini ya daraja la Rusumo na kufika Ziwa Viktoria. Wavuvi wa Uganda ndio waliowatoa majini. Wakati huo watu wa mwambao waliacha kula samaki. Maelfu ya marehemu walizikwa kwa heshima Kasensero, Lambu na Ggolo, na kila mwaka Wanyarwanda na Waganda hukutana hapo kuwakumbuka. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, daraja la Rusumo lilipitisha wakimbizi wapatao 250,000 kwa muda wa siku moja hivi kuingia Ngara, Tanzania.

Wanakijiji wa Rakai hawakuuliza maji yanatoka nchi gani. Wanakijiji wa Ngara hawakuuliza. Mto uliwaletea jirani, hai na marehemu, nao wakampokea. Kama mto uliweza kutuunganisha katika msiba, hatuna udhuru wa kushindwa kuunganishwa nao katika kupanda nyasi.

Leo malori yanavuka Rusumo usiku na mchana yakitoka Dar es Salaam, na madereva na maofisa wa forodha wanaelewana kwa Kiswahili. Chini ya daraja maji yanapita na rangi yake ya tope. Ukiyatazama vizuri unaona shamba la mtu likipita, mtu ambaye hujamwona na pengine hutamwona, aliyeko juu kabisa kando ya mto ambao jina lake haliko kwenye ramani ya shule. Anangoja mvua za msimu ujao, na hajui bado kama mita zake kumi atazipanda mianzi au maharage.